Kicheko Siku ya Sabato

Mlango ulibishwa mara tatu, polepole, kama abishavyo mtu aliyebeba kitu. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni mbele ya kompyuta. Kidole changu kilikuwa kimetoka tu kubonyeza kitufe cha mwisho, na skrini ilikuwa imegeuka nyeusi tii, kwa namna ambayo huwezi kujua kama mashine imekufa au inavuta pumzi. Niliondoa mikono kwenye kibodi kana kwamba inaunguza.

"Hodi," sauti ikasema. "Mong'ina, mko?"

Alikuwa Purity, jirani yetu wa upande wa chini, mke wa Anyona; mong'ina, mama mzee, ndivyo alivyomwita nyanya yangu. Niliijua sauti yake vizuri kwa sababu alikuja kwetu karibu kila siku, mara kuazima chumvi, mara kuomba kaa la moto, mara kukaa tu na nyanya yangu wakati mumewe yuko Kericho kwenye kazi ya chai. Lakini siku hiyo ilikuwa Sabato, saa tano hivi asubuhi, na mimi nilipaswa kuwa kanisani, au basi niwe kitandani nikiumwa tumbo, maana ndivyo nilivyokuwa nimemwambia nyanya yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilibana pumzi kama mtoto anayejificha.

Ili mtu aelewe kwa nini sikufungua, sharti niseme kwanza mashine ile ilifikaje Ikonge, kijijini kwetu.

Mwaka huo, wa tisini na tisa, nilikuwa nikichapa barua na kadi za harusi katika duka la vifaa vya ofisi la mzee Natwarlal, mjini Kisii. Mwanawe Dev, aliyekuwa mtu wa kusoma vitabu vinene mchana kutwa nyuma ya kaunta, alikuwa amenunua kompyuta tano kuukuu ambazo ndani yake hazikuwa na kitu. Alitaka kufungua chumba cha mafunzo orofa ya juu ya duka. Windows ilikuwa ghali kuliko mashine zenyewe, na nakala za wizi hakuzitaka. Basi akaziwekea zote tano Linux, iliyokuja bure kwenye CD nyuma ya kimojawapo cha vile vitabu vyake.

"Kemuma," aliniambia siku moja, "vijana wa hapa hawatapanda ngazi kuja kujifunza kuchapa. Watakuja kucheza. Wakishakaa kwenye kiti, hapo ndipo tutawafunza."

Tatizo lilikuwa kwamba michezo waliyoijua vijana ilitengenezwa kwa ajili ya Windows, na Linux haikuelewa neno lolote la lugha yake. Palikuwa na programu moja, jina lake Wine, iliyokaa katikati kama mkalimani. Mchezo ukiuliza, hapa ni Windows? Wine hujibu, ndiyo, karibu. Ukiuliza diski C iko wapi, Wine huuonyesha folda ya kawaida na kuapa kwamba ndiyo diski C. Kazi ya mtu ilikuwa kuandika faili moja refu la maelekezo ili uongo huo ushikane, usiwe na pengo mahali popote. Dev alijaribu wiki nzima akashindwa. Aliona nilivyokuwa nikichungulia. Akasema kwamba nikiufanya mchezo mmoja ukubali, picha na sauti, chumba cha juu kitakuwa changu kukiendesha. Akanipa likizo ya wiki mbili, mashine moja, kurasa arobaini alizozichapisha, na CD ya mchezo wenyewe.

Niliipeleka nyumbani nyuma ya pikapu, imefungwa blanketi. Nyanya yangu Nyamoita, ambaye nilimwita magokoro kama watoto wote wa Abagusii wanavyowaita nyanya zao, alisimama mlangoni tulipoiteremsha.

"Ni mali ya watu?" aliuliza.

"Ni mali ya watu."

"Basi asiione mtu."

Aliogopa wezi. Nyumba yetu ilikuwa na wanawake wawili tu, na mlango wake ulifungwa kwa kipande cha mti. Kwa hiyo tuliiweka chumba cha ndani, tukashusha pazia, na hakuna jirani aliyeambiwa. Walichokiona watu ni kitu kikubwa kilichofunikwa blanketi kikiingizwa kwa mjane Nyamoita jioni ya mvua. Baadaye nilikuja kulifikiria hilo blanketi sana.

Magokoro alikuwa Msabato tangu ujana wake. Hata chai hakuinywa, ingawa alikuwa na vichaka mia tatu vya chai na aliichuma kwa mikono yake. Nilipomwambia kwamba programu niliyokuwa nikihangaika nayo jina lake ni mvinyo, aliitazama mashine.

"Nyumba hii haijawahi kuingia mvinyo," alisema. "Hilo jina liishie kwako."

Stima tuliivuta kutoka kwa Ombati, mwenye kinu cha kusaga unga, kwa waya uliopita katikati ya migomba. Kinu kilipoanza kusaga, taa yetu ilififia ikawa rangi ya kiini cha yai, na mashine ilijizima na kujiwasha yenyewe, ikafuta kila nilichokuwa sijakihifadhi. Hivyo nilijifunza kufanya kazi katika mapengo, wakati Ombati anakunywa uji au anapobadilisha mkanda. Kila nilichojaribu nilikiandika kwenye daftari. Jumatatu mchezo ulikataa hata kufunguka. Jumanne ulifunguka ukalalamika kwamba hauoni CD yake. Jumatano niligundua kwamba ulitaka rangi mia mbili hamsini na sita tu, si zaidi, na kwamba ilibidi niiamshe skrini upya kwa idadi hiyo. Ijumaa mchana niliona picha kwa mara ya kwanza: ngome ya mawe, lango la chuma, na mlinzi wa gereza amekaa na funguo zake. Ulikuwa mchezo wa mfungwa anayetoroka. Mlinzi alifungua kinywa kucheka, nami niliujua kicheko hicho, nilikuwa nimekisikia mara moja ofisini kwa Dev. Lakini kinywa kilifunguka na kufunga bila sauti yoyote.

Nilizungusha kitufe cha spika mpaka mwisho. Kimya. Nikakiacha pale pale.

Usiku huo sikulala vizuri, na kulipokucha nilikuwa na hakika ninajua kasoro iko wapi. Kadi ya sauti ilikuwa haijaamshwa. Ilitaka kuambiwa nambari zake tatu ndipo ijue kwamba ni yenyewe inayoitwa. Ilikuwa Sabato. Ombati, Msabato kama sisi, hasagi Sabato. Siku nzima ya stima isiyotetemeka. Nilishika tumbo nikamwambia magokoro siwezi kutembea. Alinipikia uji, akaufunika, akachukua Biblia yake, akaenda kanisani ng'ambo ya kilima pamoja na kijiji kizima. Purity peke yake ndiye aliyebaki, lakini mimi sikulijua hilo. Mtoto wake Ogari, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa na homa tangu Alhamisi.

Kwa hiyo nilikuwa nimepiga magoti pale, skrini ikiwa nyeusi, na Purity akiwa nje ya mlango.

"Kemuma?" aliita tena. "Mtoto anaungua. Naomba mnisaidie nimteremshe barabarani. Anarusha macho."

Kwa miaka mingi niliwasimulia watu kisa hiki nikisema sikusikia maneno yake vizuri. Nilisikia. Nilisikia kila neno, hata ile pumzi aliyovuta kabla ya neno la mwisho. Nilichofanya ni kupiga hesabu ya haraka ya uoga. Nikifungua, ataniona mzima. Ataiona mashine. Kanisa litajua kwamba nilidanganya ili nifanye kazi Sabato, na magokoro, ambaye hakuwahi kukosa hata mara moja, atasimamishwa mbele ya watu kwa ajili yangu. Nikasema moyoni, Purity atakwenda kwa mwingine. Nikasema, homa za watoto hupanda na kushuka. Nikasema, dakika moja tu.

Hapo ndipo mlinzi wa gereza alipocheka.

Kilitoka kwenye spika zile kwa nguvu zake zote, kicheko cha mwanamume, kizito, cha polepole, chenye kuburuta mwisho wake. Kilijaza chumba, kikagonga mabati, kikarudi. Nilirukia kitufe nikakizima, lakini kilikuwa kimekwisha. Nje palikuwa kimya. Kisha nikasikia miguu ikikimbia kuteremka kwenye kijia, na kilio cha mtoto, chembamba, kikienda nayo.

Na nitasema hili pia, maana nisipolisema hakuna haja ya kusimulia mengine. Jambo la kwanza nililolihisi lilikuwa furaha. Sauti imekubali. Nilikaa sakafuni nimejishika mdomo, nikatabasamu.

Ogari alikufa mgongoni mwa mama yake, kabla hawajaifikia zahanati. Purity alikuwa ametembea peke yake kwa sababu barabara ilikuwa tupu. Alipogundua kwamba mtoto amekuwa mzito kwa namna nyingine, aliketi kando ya barabara, na watu waliotoka kanisani wakamkuta pale.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Ombati kusaga mahindi. Kulikuwa na wanawake wanane kwenye foleni. Nilipowasalimu, waliitikia kwa kuangalia ndoo zao. Ombati alinihudumia kwanza, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akanifuata nje akijifuta unga usoni.

"Purity amesema alibisha kwenu jana," alisema, macho yake yakiwa kwenye migomba. "Anasema hakuitikiwa, ila sauti ya mwanamume ilicheka ndani. Ilimcheka yeye na mtoto mgongoni. Ndani ya nyumba ya mjane asiye na mwanamume."

Niliweka ndoo yangu chini.

"Anyona ameitwa kutoka Kericho. Mwondoe nyanya yako, Kemuma. Leo, ikiwezekana."

Nilijua maana yake. Sote tulijua. Miaka michache nyuma, ng'ambo ya mto, nyumba ilichomwa mwenyewe akiwa ndani, mwanamke wa umri wa magokoro. Nilikuwa msichana wa shule. Tulipita hapo kesho yake, na mwalimu akatuambia tusitazame, tukatazama. Magokoro mwenyewe alikuwa amemzika mume na wana wawili, mmoja wao baba yangu, na kila alipomzika mmoja watu walimtazama kidogo zaidi ya inavyostahili. Neno lenyewe, omorogi, yaani mchawi, hakuna aliyewahi kulitamka mbele yetu. Sasa lilikuwa limepata kicheko.

Nilirudi na unga wangu nikitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Ningeweza kupita kwa Purity. Kijia kilipita mlangoni kwake. Waombolezaji walikuwa wamejaa uani. Maneno yalikuwa machache tu: ni mashine, ni mchezo. Lakini ukisema ni mashine, umesema ni nani aliyekuwa ameketi mbele yake. Nilipita nikiwa nimeinamisha kichwa.

Jumatatu hakuna aliyekuja kwetu. Mwanamke aliyezoea kutuletea maziwa hakuja. Mbwa wetu alirudi jioni akichechemea, ubavuni ana kidonda cha jiwe. Kila jani la mgomba liliposuguana na bati nilisimama. Magokoro alikuwa amekwenda kuomboleza kwa Purity asubuhi, kama inavyompasa jirani, na alirudi baada ya muda mfupi, akaketi, akaanza kuchambua maharagwe.

"Wamenipa kiti," alisema, "halafu wote wakasimama."

"Magokoro, twende Manga kwa shangazi. Twende usiku huu."

"Nikiondoka usiku nitakuwa nimekiri. Na wakinifuata Manga watachoma nyumba ya watu wengine." Aliendelea kuchambua. Niliona kwamba alikuwa akitupa maharagwe mazuri na kubakiza mabovu.

Jumanne, siku ya mazishi, nilimwambia. Nilimpeleka chumba cha ndani, nikamwonyesha mashine, nikamwambia sauti ile ilitoka humo.

Alifikiri. "Unaweza kuifanya icheke tena?"

"Nadhani."

"Nadhani haitoshi, mwanangu."

"Ninaweza."

"Na kwa nini hukusema tangu Jumapili?"

"Niliogopa kwa sababu ya Sabato," nilisema. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Hakuniuliza kuhusu kubisha. Nadhani alikuwa akifikiria mambo ya karibu zaidi, kama vile mlango wetu una upana gani.

Walikuja saa tisa, wakitoka moja kwa moja kaburini, udongo mwekundu bado uko kwenye viatu vyao. Walikuwa kama hamsini. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia baridi. Anyona alikuwa mbele, mwanamume mpole niliyemfahamu tangu utoto, macho yamevimba. Kijana mmoja wa ukoo wake alibeba jerikani, na harufu ya mafuta ya taa ilitufikia kabla ya salamu. Mzee Ishmael, mzee wa kanisa letu, alikuwa akitembea kando ya Anyona, akijaribu kuwa hatua moja mbele yake.

"Nyamoita atoke," Anyona alisema.

Magokoro alitoka, akaketi kwenye kigoda chake nje ya mlango, akaunganisha mikono juu ya magoti. Nilisimama mbele yake. Sikumbuki niliamua lini kusema.

"Sauti aliyoisikia Purity haikuwa ya mtu," nilisema. "Ni kompyuta. Ni mchezo wa kompyuta. Iko ndani. Nipeni nafasi niwaonyeshe."

Mtu mmoja akasema wanataka kutoroka kwa mlango wa nyuma. Mwingine akasema hakuna mlango wa nyuma. Mzee Ishmael aliinua mkono.

"Aonyeshe," alisema. "Kama hakuna kitu, tutakuwa bado tupo hapa."

Tuliisogeza meza mpaka mlangoni, skrini ikiangalia uani. Ombati, ambaye alikuwa nyuma ya umati, alikwenda mwenyewe kufunga kinu, akawaacha wateja wake na mahindi yao, na tukasikia mngurumo wake ukifa. Niliwasha spika, kisha mashine. Mashine ile ilikuwa na kawaida ya kuchukua dakika tatu kuamka, ikiandika mistari myeupe juu ya weusi, mistari isiyoisha, na watu wakaisogelea kuitazama na kurudi nyuma kila ilipoharakisha. Niliandika neno moja mara tatu nikilikosea. Niliamsha skrini, nikasahau rangi, mchezo ukakataa na kunitolea kisanduku cha kijivu. Nikaanza upya. Daftari lilikuwa kwenye goti langu, lakini maandishi yalikuwa yakiogelea.

Mara ya pili ngome ilitokea. Lango, funguo, mlinzi. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mlinzi akafungua kinywa.

Kimya.

"Haicheki," kijana wa jerikani alisema. Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa. Akapiga hatua moja mbele na kuiweka chini jerikani ili afungue kifuniko.

Nilimtazama magokoro. Alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa ikisogea. Nikajiuliza Jumamosi nilifanya nini, nikaona mkono wangu mwenyewe ukiandika zile nambari tatu, na nikakumbuka kwamba sikuwahi kuzihifadhi; mashine ilipozimwa ilizisahau. Kadi ya sauti ilikuwa imelala tena. Nilifunga mchezo. Umati ulinguruma skrini ilipokuwa nyeusi, na mtu akanishika bega kwa nyuma, lakini Mzee Ishmael alisema, "Mwache," na mkono ukaniachia. Niliandika amri, nikaandika mbili mbili sifuri, tano, moja. Nikaita mchezo.

Sijui skrini ilikaa nyeusi kwa muda gani. Harufu ya mafuta ilikuwa imejaa puani mwangu hadi leo naweza kuionja.

Mlinzi akacheka.

Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja, kama nguo iliyovutwa. Mtoto mmoja akalia. Mwanamke akasema jina la Yesu kwa sauti ya chini. Kisha kicheko kikaisha, na mlinzi akabaki amekaa na funguo zake, akingoja.

"Tena," Mzee Ishmael alisema.

Nilirudia. Mara ya tatu aliinama mwenyewe, akaweka kiganja chake kwenye spika, akakisikia kicheko kikitetemesha mkono wake. Akageuka kwa watu.

"Ni redio," alisema. "Ni kama redio."

Mara ya nne mtu fulani nyuma alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeponea chupuchupu. Nadhani alikuwa Ombati. Mwingine akafuata. Mabega yakashuka. Kijana akakaza kifuniko cha jerikani. Wavulana wawili walikuwa tayari wakiuliza mfungwa yuko wapi na anatoka vipi. Niliona ukuta wa nyuso ukivunjika na kuwa nyuso za watu niliowajua, mmoja mmoja.

Ndipo Purity alipokuja mbele. Alikuwa amejifunga kiunoni lile shuka alilombebea mtoto. Watu walimpisha. Aliitazama skrini kwa muda mfupi tu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo sauti yenyewe."

Akanigeukia. Alikuwa na miaka ishirini na minne, miwili kunizidi. Tulikuwa tumechota maji pamoja tangu alipoolewa pale.

"Kwa hivyo ulikuwa ndani," alisema. "Nilibisha, nikakuita kwa jina, na ulikuwa ndani."

Hakusema kwa sauti ya juu. Lakini magokoro alisikia, na Mzee Ishmael, na Anyona, na wale wa mbele. Anyona alimshika mkewe mkono, akamgeuza polepole, na watu wakaanza kuondoka nyuma yao, wawili wawili, wakizungumza mambo mengine. Hakuna aliyemwomba magokoro msamaha. Kijana aliichukua jerikani yake. Mafuta yalikuwa ghali.

Tulirudisha meza. Magokoro aliwasha moto, akaweka sufuria, akaketi.

"Kesho utakwenda kwa Purity," alisema. "Mimi sitakusindikiza."

Hilo tu. Hakulirudia tena mpaka alipofariki, miaka sita baadaye, kitandani pake, kwa uzee.

Chumba cha Dev kilifunguliwa Mei. Nilimpelekea mashine na daftari, nikamwonyesha, naye alicheka kwa furaha, akamwita baba yake, mzee Natwarlal, aje asikie. Nilikiendesha chumba kile miaka minane. Vijana walipanda ngazi kwa ajili ya michezo, na wengi wao walikaa wakajifunza, kama Dev alivyosema. Mchezo wa ngome niliuweka kwenye mashine moja tu, ile ya mwisho kabisa, na spika zake nilizichomoa. Walioniuliza niliwaambia kadi imeharibika.

Lakini kabla ya hayo yote palikuwa na Jumatano ile asubuhi. Purity alikuwa nyuma ya nyumba yake, akifua nguo ndogo ambazo hazikuwa na mtu wa kuzivaa. Hakuacha kufua nilipofika. Nilisimama upande wa pili wa beseni, nikamwambia kila kitu, tangu pikapu hadi furaha yangu sakafuni. Hiyo furaha nilitaka kuiacha, ila nilijua nikiiacha nitakuwa sijaja.

Alikamua fulana, akaikung'uta, akaitandaza kwenye ua.

"Ulinisikia vizuri?" aliuliza. "Niliposema anarusha macho?"

"Nilisikia."

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia. Akachukua nguo nyingine.

"Afadhali ingekuwa uchawi," alisema.

Tulikaa majirani miaka miwili zaidi, mpaka Anyona alipomhamishia Kericho. Tulisalimiana kila asubuhi kwenye kijia, tukiulizana habari za kuamka, na kwenye kituo cha kupimia chai tulisimama foleni moja, vikapu vyetu vikigusana. Chumvi ikimwishia, au moto, nilimwona akitoka na kikombe au kigae mkononi, akipita mbele ya mlango wetu, akipanda kilima kwenda nyumba iliyofuata.